Wenzo wa Bibi Eliza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Zilikuwa enzi za Mwingereza, nami nimetoka tu shule ya misheni karibu na Njombe, nina cheti na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Kwenye mtihani tuliulizwa wenzo ni nini. Nilieleza vizuri kuwa ni mti wa kuinulia vitu vizito, nikauchora na egemeo lake, nikapata alama zote.

Wiki hiyo kaka yangu Zakaria alikuwa akipasua mbao za paa la kanisa, kule Mahongole. Nilipompelekea chakula nikamkuta chini, gogo la mkaratusi limembana mguu. Nilisukuma mpaka nikaona nyota. Wanaume wote walikuwa mnadani Makambako, na Zakaria alikwishaanza kupauka midomo. Nikaanza kukimbia.

Bibi Eliza, jirani yetu mjane, akanikuta njiani, amebeba mti mrefu aliokuwa aking'olea mawe shambani.

"Unakwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Kuita watu, bibi. Gogo limembana Zakaria mguu, nguvu haitoshi."

"Inatosha. Beba lile jiwe la kando ya njia, turudi."

Nililiweka jiwe mbali na gogo. "Lisogeze karibu," akasema, bila hata kunikaripia. Akapenyeza mti chini ya gogo, juu ya jiwe, akaulalia kwa mikono yake miwili mikavu, na gogo lile likainuka. Nilimvuta kaka yangu huku nashangaa. Zakaria alizeeka akitembea kwa miguu yake miwili, akichechemea kidogo tu.

Baadaye mwalimu wangu alinieleza kwamba Mgiriki mmoja aliipigia hesabu kanuni ile ya wenzo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Wengine wakaja wakapima mawe yanavyoanguka, mpaka Mwingereza mmoja akaonyesha kuwa jiwe na mwezi vinatii sheria moja. Bibi Eliza hakuwahi kumsikia hata mmoja wao.

Siku hizi nawasikia huko maofisini, "Hatuna nyenzo." Mwanangu, nyenzo mimi nimeziona: mti na jiwe. Ulichofundishwa kijaribu kwa mikono, na kabla ya kusema huna, tazama kwanza miguuni pako. Naye Mungu, aliyeipanga dunia hata mjane akaweza kuinua gogo, akujalie kuliona jiwe lako, na akupe mtu wa kukwambia ulisogeze karibu.