Njia ya Wazee Mpaka Ghorofa ya Saba

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa ya ughaibuni, kule chini ambako mgeni hatii mguu, kuna mama wanamwita Bi Pasi. Shuka zikitoka kwenye mashine zimejikunjakunja, yeye huzipokea, huzinyoosha, huzipitisha kwenye ile pasi kubwa ya umeme. Kazi ya joto, ya kusimama kutwa. Na mdomo wake hauna breki. Anaongea na shuka, anaongea na mashine, anamsuta mtu aliyemwaga kahawa kitandani utadhani yuko pale anamsikia. Wenzake hucheka mpaka wanamwomba awaache wapumue.

Mwezi ule, jamani, Bi Pasi alinyamaza. Wakadhani anaumwa. Kumbe ni mjukuu.

Binti yake alijifungua mtoto wa kike, mzima, mnene, sauti kama honi ya lori. Furaha ilikuwepo, tena tele. Ila mtoto hakuwa na jina. Kwenye karatasi za hospitali lilikuwepo moja, la kuwaridhisha makarani. Jina lenyewe, la ukoo, halitolewi na mtu. Kwao Bi Pasi wazee waliotangulia huitwa nyumbani, mtoto hupakatwa, majina yao hutajwa moja moja. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, basi, huyo ndiye aliyemjia. Awe babu, awe bibi, haijalishi. Asiyepiga chafya hubaki mgeni katika ukoo.

“Mlete huku!” shangazi yake alifoka kwenye simu. Huyo ni dada wa baba yake, ndiye mwenye madaraka ya mambo hayo kule kwao. “Wazee hawavuki bahari. Wewe uliondoka, wao hawakuondoka. Hata mama yako ulimwacha akazikwa na majirani.”

Loo! Neno hilo lilimchoma. Mama yake alifariki Bi Pasi akiwa bado hajapata vibali, hata kusafiri haruhusiwi, akashindwa kwenda kumzika. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwita, hata kwa kumwaga tone la maji. Aliona haya. Aliogopa kuita akakosa wa kuitika. Kwa hiyo suala halikuwa la mtoto peke yake. Bi Pasi alitaka kujua kama bado ana watu, au alipopanda ndege ndipo alipokatika nao moja kwa moja.

Akajikaza. “Kama tatizo ni njia,” alimwambia binti yake, “nitawaelekeza.”

Kwao kuelekeza si jambo geni. Nyumba ikihamia ng'ambo ya kilima, mama wa nyumba husimama mlangoni akawaambia wafu: piteni penye mwamba, shikeni kulia, mto uvukeni penye mawe. Wazee ni wazee hata wakifa, wanapotea ovyo. Na ukielekeza huruhusiwi kudanganya wala kuruka kitu.

Jumapili asubuhi sebule ikafagiliwa. Unga wa kwao, wa kuwanyunyizia wazee mlangoni, haukupatikana, akatumia unga wa keki. Jembe la kugonga ili kuwaita wazee je? Nani ana jembe ghorofa ya saba? Akagonga pasi kuukuu kwa kijiko. Akatandika shuka ya hoteli iliyotupwa kwa sababu ya doa dogo, akanyunyiza unga kizingitini, akasafisha koo.

“Wazee wangu, ni mimi. Njooni. Njia ni ndefu lakini si ngumu. Pandeni ndege, kwa mtu asiye na mzigo nafasi haikosekani. Mkishuka mtakuta foleni ya pasipoti. Piteni tu, hawatawaona. Ingieni treni ya chini ya ardhi, msiogope giza, nyie mmeshalizoea.” Binti yake akabana kicheko. “Shukeni penye soko, fuateni harufu ya mkate. Jengo letu ni lile lililobanduka rangi. Lifti ni chumba kinachopanda chenyewe. Msibonyezebonyeze vitu.”

Akampakata mjukuu, akaanza kutaja. Babu Mfua Chuma. Kimya. Bibi Miguu Mirefu. Mtoto akapiga mwayo. Babu Mkorofi, yule aliyegombana na kila mtu mpaka na mbuzi. Mtoto akasinzia.

Bi Pasi akajikalia kwenye unga pale kizingitini. “Shangazi kasema kweli. Hawaji.”

Sasa, mkwe wake, mume wa binti, alikuwa amekaa kwenye kochi kwa adabu. Mambo ya mizimu hakuyaamini sana, lakini kazi yake ni kupeleka vifurushi, na kazi yake anaijua.

“Samahani, mama,” akasema. “Umewaelekeza vizuri kabisa. Lakini mlango wa chini si unajifunga wenyewe? Asiye na ufunguo anabaki nje. Vifurushi vyangu vingi vinarudi kwa sababu hiyo hiyo.”

“Ala!” Bi Pasi akaruka. “Nimewaacha wazee wangu barabarani!”

Akamwachia binti yake mtoto, akashuka na ndala, unga umemjaa nyuma ya gauni. Msimamizi wa jengo, mzee mmoja mkali wanayemwita Funguo, alikuwa anapiga deki.

“Baba, naomba mlango ukae wazi kidogo. Nina wageni.”

“Wangapi?”

“Idadi sijui.”

“Wanakuja na gari?”

“Hawana gari.”

“Wataondoka saa ngapi?”

“Hawaondoki.”

Funguo akakunja uso. Bi Pasi akamweleza yote, wafu, mtoto, chafya, bila kuficha kitu. Mzee akamtazama, akautazama ule unga, kisha akaufungua mlango, akaukinga kwa ufagio wake wa deki usijifunge. “Kwenye sheria za jengo sijaona panapowakataza,” akasema. “Panda juu. Nitawapokea.”

Na aliwapokea! Kwenye simu ya mlangoni, kule juu, wote walimsikia: “Karibuni, karibuni. Panguseni miguu hapo, nimetoka kupiga deki. Lifti hii hapa. Polepole, bibi.” Mkwe akacheka mpaka akashika mbavu.

Bi Pasi akaanza upya. Mfua Chuma, Miguu Mirefu, Mkorofi, mpaka wote wakaisha. Mtoto macho makavu tu.

“Mama,” binti yake akamwambia taratibu, “umemruka bibi.”

Ni kweli. Alimruka. Mama yake, yule ambaye hata gari hakupanda maishani, aliyekwenda harusini kwa miguu siku nzima kwa sababu basi lilikuwa na milango miwili na yeye hakujua upi ni wa kuingilia na upi ni wa kufia. Mtu huyo aje kwa ndege? Tena kwa binti ambaye hakummwagia hata konzi ya udongo kaburini? Akamwinamia mtoto, akalitaja jina la mama yake kwa sauti ndogo.

Mtoto akakunja pua. Akapiga chafya, tena akapiga nyingine, mpaka akajishtua mwenyewe.

Mkwe alisema baadaye kwamba ni ule unga. Haya, unga si ulikuwepo tangu mwanzo? Mbona kwa Mkorofi hakupiga?

Bi Pasi alilia na kucheka kwa pamoja, hajui aanze na lipi. “Mama! Umepanda lifti! Wewe!” Akamwinua mjukuu juu, mwenye jina sasa, akamzungusha sebule nzima, amwonyeshe jiko, dirisha, kitanda. Miaka yote ile katika mji ule alikuwa akisema anakaa tu, kwake ni kule alikotoka.

“Karibu, mama,” akasema. “Hapa ndipo kwangu.”