Kituo kwa Kituo, Triza Amrudishia Gadi Omolo Maneno

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Triza Wasike anavua viatu mlangoni, anaingia katika chumba cha nyumba za reli mtaani Makongeni, Nairobi, na kuvuta kigoda hadi magoti yake yanakaribia kugusana na ya mwenyeji wake. Hafungui daftari. Anakohoa kidogo, kisha anasema kwa sauti kavu ya mkaguzi wa tiketi:

"Gadi, tumeondoka Nairobi."

Mzee Omolo, mwenye umri wa miaka sabini na sita, anainua kidevu. Mkono wake wa kulia umelala pajani, haujafanya kazi tangu kiharusi kilipompata mwaka jana. Midomo inatafuta. Halafu inapata.

"Kibera. Dagoretti. Kikuyu. Limuru..."

"Simama hapo," Triza anasema. "Tumeshuka Limuru. Kuna nini?"

Upande wa jiko, mkewe Roseline ameacha kukoroga uji. Jibu analijua, maana hadithi za njia ile amezisikia kwa miaka arobaini na minane. Lakini Triza amemwinulia kidole, na mama wa watu anaufunga mdomo wake kwa shida kubwa.

"Ba... ba..." Mzee anapumua. "Baridi."

Kisha anacheka, machozi yakimlengalenga. "Baridi!"

Neno moja limechukua dakika nne. Triza anaandika tarehe na neno lenyewe, na anapiga mstari chini yake mara mbili.

Binti huyu wa miaka ishirini na sita yuko mwaka wa nne wa chuo kikuu, akisomea tiba ya usemi na lugha. Darasani kwao wako kumi na mmoja tu. Kazi yenyewe bado haijulikani vizuri, hata mama yake huwaambia majirani wa Kariobangi kwamba bintiye ni daktari wa ulimi.

"Nimechoka kuwarekebisha," Triza anasema huku akicheka. "Ulimi wa Mzee ni mzima kabisa. Hata akili ni nzima, anaelewa kila kitu, na ukimdanganya anajua. Shida ni kwamba neno liko ndani na njia ya kutokea imevunjika."

Jumamosi husuka nywele katika saluni ya shangazi yake, na siku ikiwa njema hupata shilingi elfu moja na mia mbili. Hizo ndizo nauli za wiki nzima. Karo hulipwa na chama cha akiba cha mama yake, na akichelewa kulipiwa, hukaa nje ya chumba cha mtihani na wenzake wachache wakitiana moyo.

Mwaka huu amepewa wiki kumi za mazoezi, akitembelea wagonjwa majumbani, kuanzia Kariobangi hadi Donholm. Mzee Omolo ndiye aliyemkosesha usingizi.

Alikuwa gadi, yaani msimamizi wa safari, wa treni ya abiria ya Kisumu kwa miaka ishirini na saba. Wakazi wa zamani wa Makongeni wanamkumbuka akirudi asubuhi na kofia yake kwapani, suruali imepigwa pasi, watoto wakimkimbilia kuuliza amewaletea nini. Enzi hizo nyumba hizi zilikuwa na ua wa miti ya miiba ulionyolewa vizuri, redio zikilia madirishani Jumapili mchana, na mtu akipika samaki majirani wote wanajua. Sehemu ya ua huo aliipanda Mzee mwenyewe mwaka wa themanini na moja.

Na ua huo ndio ulioleta balaa. Jirani yake Ndete, fundi wa reli aliyestaafu kama yeye, aliukata upande wake ili aweke kibanda cha kuuzia mboga. Gadi akamtolea maneno ambayo hayafai kuchapishwa gazetini, tena mbele ya wake na wajukuu. Wiki mbili baadaye kiharusi kikampata. Kwa hiyo hayo matusi yakawa ndiyo maneno ya mwisho Ndete kuyasikia kutoka kwake.

Watoto wao wameamua wazee warudi nyumbani Ugenya. Na katika nyumba zile za reli kuna desturi. Anayerudi nyumbani kwa kudumu hutolewa viti uwanjani, majirani hukusanyika, naye husema mwenyewe: ametoka wapi, anamwachia nani funguo, na anaomba msamaha kwa nani. Hakuna kusemewa. Anayeondoka kimya husemekana ameondoka na kinyongo.

"Frankline, kitinda mimba wetu, alisema atamsemea babake," Roseline anasimulia. "Mzee alipiga meza kwa ule mkono mzima mpaka vikombe vikaanguka. Nikajua anataka nini. Anataka kumwambia Ndete mwenyewe."

Triza alipoingia kwa mara ya kwanza, siku ya kuagana ilikuwa imebaki miezi miwili na kidogo. Akaanza vibaya.

Alikuja na kadi za picha za chuo, zilizonunuliwa ng'ambo. Akamwonyesha Mzee mtu aliyeundwa kwa theluji. Akamwonyesha kisanduku cha barua kilichosimama kwenye mti kando ya lango. Mzee akatazama, akatikisa kichwa. Wiki tatu mfululizo Triza aliandika kwenye ripoti: *hakuna maendeleo*. Wiki ya nne Mzee alizikusanya kadi zote taratibu, akazirusha nje ya mlango.

"Nililia nikitembea hadi stendi," Triza anakiri. "Halafu nikajiuliza, huyu mzee theluji angeionea wapi? Nilikuwa napima kama amewahi kuishi Ulaya."

Uchungu wake ulikuwa na mizizi mirefu. Alilelewa Jericho, katika nyumba ya kanisili, yaani ya baraza la jiji, aliyokaa babu yake, aliyemwita kuka kama Wabukusu wanavyowaita babu zao. Kuka alikuwa msomaji wa mita za maji, mtu wa utani aliyejua jina la kila mbwa kuanzia Jericho hadi Mbotela. Triza alikuwa na miaka tisa kuka alipopata kiharusi na kunyamaza.

"Walisema, 'Msimsumbue, amekuwa mtoto.' Wageni walikuwa wanamuuliza kukhu, nyanya yangu, 'Mzee amekula?' na yeye amekaa hapo hapo. Mimi na yeye tulikuwa tunamenya minji pamoja barazani, jioni, watoto wengine wakicheza mpira wa kati pale chini. Alikuwa anafungua mdomo, anangoja, anafunga. Ningejua... Hakuna mtu alimngojea. Hata mimi."

Kuka aliishi hivyo miaka minne. Triza bado anaweza kuisikia harufu ya yale maganda mabichi.

Siku kadi ziliporushwa, Roseline alizifuata nje kuziokota. Aliporudi alisema kwa masikitiko, "Nyathina, mwanangu, huyu kitu kimoja tu ndiyo hajasahau. Usiku anataja vituo. Vyote mpaka Kisumu."

Triza akaomba asikie. Mzee akavitaja kuanzia Nairobi bila kukwama hata mara moja, kama mtu anayesali Baba Yetu.

Alimkimbilia mwalimu wake msimamizi, Bi Waringa, akidhani amepata dawa. Bi Waringa akampoza. Mgonjwa wa namna hii, alimweleza, anaweza kukariri siku za wiki au nyimbo za kanisani na bado ashindwe kuomba maji. Maneno hayo hujiendea yenyewe.

"Akanambia, 'Anaongozwa na orodha. Kazi yako ni kumfundisha kuisimamisha,'" Triza anakumbuka.

Ndipo akabuni mtindo wa kushuka. Kila kituo wanashuka, na hawapandi tena hadi Mzee aseme neno moja la pale. Naivasha wakapata *samaki*. Nakuru, baada ya siku mbili, wakapata *dadangu*. Muhoroni ilichukua wiki nzima, kwa sababu Muhoroni ndipo alipomwona Roseline alfajiri moja, msichana akiuza mandazi dirishani. Mzee alipolitoa neno *mandazi*, Roseline alitoka nje akajifanya anaanua nguo.

Lakini *nisamehe* haikuwa kwenye njia ya Kisumu. Hiyo walilazimika kuitafuta bila reli.

Jumapili ya kuagana, viti vinatolewa uwanjani. Wamekuja watu kama arobaini, wengi wao wazee wa reli, baadhi na kofia zao za zamani. Ndete amekaa safu ya nyuma, mikono imekunjwa kifuani.

Mzee anasimama akishikilia kiti. "Nairobi," anaanza, na wazee wanaguna kwa furaha, wengine wakimfuata kwa midomo. Anapofika Muhoroni anasimama. "Mandazi. Roseline." Watu wanacheka na kupiga makofi, na Roseline anajifunika uso kwa leso.

Anamkabidhi Frankline funguo. "Wewe," anasema.

Kisha anageuka kutazama nyuma.

"Nde..." Anapumua. "Ndete."

Hapo anakwama. Mdomo uko wazi, hakuna kinachotoka. Mtu anasema, "Ni sawa, Gadi, tumeelewa." Frankline anainuka. Triza, aliyesimama kando, anatikisa kichwa, na kijana anaketi. Dakika nzima inapita. Ni muda mrefu mno watu arobaini wakiwa kimya.

"Ndete. Ni... sa... mehe."

Ndete amekwisha simama. Anapita katikati ya viti, anamshika Mzee mkono ule usiofanya kazi, kwa mikono yake yote miwili. "Gadi, mimi ndiye nilikata ua wako," anasema.

Jumatano iliyofuata wazee walisafiri. Triza atamaliza masomo Desemba. Anataka chumba kimoja tu cha kutibia, Kariobangi, karibu na saluni ya shangazi, na ameanza kupiga picha za kutengenezea kadi zake mwenyewe: jiko la makaa, mtungi wa maji, mwiko, kiti cha plastiki. Anataka mzee yeyote wa mitaa hii ya Eastlands azitazame na kuona nyumba yake.

Na kila Alhamisi, saa tatu, atapiga simu Ugenya. Alhamisi ya kwanza tayari imepita. Roseline ndiye aliyepokea.

"Tulifika salama, nyathina. Mzee anakula vizuri, anasema anakusalimu sana."

"Asante, Mama," Triza alimjibu. "Sasa mpe simu. Nitangoja."