Siku Niliyozikosha Chembe za Shaba za Swaleh

Haya nayasema mwenyewe kabla sijasemewa: mimi ndimi niliyemharibia mjukuu wangu Swaleh siku yake, kwa mikono yangu miwili, tena kwa kujitapa.

Swaleh nimemlea mimi, mamake alipofariki. Aliporudi kutoka kusoma kemia ng'ambo, mwaka wa pili baada ya uhuru, alikuwa na shauri moja tu, kuua ule moshi mwekundu wa viwanda vya tindikali unaochoma watu vifua (moshi wa nitrojeni, yeye ndivyo auitavyo). Alichukua chembe za udongo mweupe, kiasi cha kunde, akazirowesha maji ya shaba, akazichoma mpaka zikawa nyeusi. Moshi ukipitishwa humo kwenye moto, pamoja na amonia (hiyo harufu yake yakutoa machozi hata ukiwa chumba cha pili), hutoka hewa safi. Shaba ikipungua haifai, ikizidi haifai. Miezi yuwachoma na kutupa, mpaka akapata zilizokubali, kibaba kimoja tu, akazitia ndani ya bomba la chuma.

Akawaalika mabwana wawili wa kiwanda waje kwetu Ndia Kuu waone. Wakiridhika, watampa chumba cha kazi na mshahara. Swaleh akatoka kwenda kuwapokea, mimi nikachungulia bombani: masizi matupu! Na nyumbani kwangu sufuria ya shaba haikai mbele ya mgeni bila kusuguliwa kwa ukwaju. Nikazimwaga, nikazirowesha maji ya ukwaju, nikazisugua (maji yakageuka kijani, nikasema lo, uchafu wote huu!), zikatoka nyeupe kama meno ya mtoto, nikazikausha jikoni, nikazirudisha. Kisha, kwa fahari, nikawaita majirani.

Swaleh akawasha moto chini ya bomba, akafungulia moshi na amonia yake upande mmoja. Upande wa pili, kwenye chupa, ukatoka vile vile, mwekundu kama kutu. Wageni wakakohoa mpaka barazani. Jirani yangu Mwana Esha hakosi neno: "Mjukuu wako kaenda ng'ambo kusomea kufukuza mbu?" Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Bwana mmoja akafuta macho, akasema, "Utatuita ikiwa tayari," kwa sauti ya mtu asiyerudi.

Walipoondoka Swaleh akazimimina chembe siniani, akazitazama.

"Bibi, nani aliyezigusa?"

"Nimezisafisha, mwanangu. Wageni wawaja na..."

Hakunipigia kelele. Laiti angalinipigia! Alikaa chini sakafuni, akasema polepole, "Weusi ule ndio shaba yenyewe, Bibi. Ndio uliokuwa ukifanya kazi."

Wale hawakurudi. Swaleh alichoma nyengine mara mbili tatu, hazikukubali, akashika ukarani bandarini, na vyombo vyake akampa mwalimu mmoja wa Tononoka. Akija Ijumaa hula, hutania, huniuliza habari za magoti. Lile halitaji kamwe. Nami siku hizi nikiona kitu cha mtu kichafu, hukalia mikono yangu nikangoja mwenyewe aje.