Carelle Alisema Alikuwa na Furaha

Sisi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, tulimjua Madamu Solange kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Darasa lake liko mwisho wa sekondari, upande wa mashamba ya mahindi, na mtu aliyekwenda bombani asubuhi alisikia vijana wakikariri pamoja: jana nilikwenda, leo ninakwenda, kesho nitakwenda. Kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa. Watoto wadogo kwenye foleni ya maji waliiga bila kujua wanasema nini.

Alitoka Uvira, Kongo. Kule alifundisha Kifaransa. Kiingereza alikianza akiwa mtu mzima, hapa hapa kambini, akifungua Biblia mbili kwa pamoja, ya Kiswahili huku na ya Kiingereza huku, akipima mstari kwa mstari. Labda ndiyo sababu alikuwa mkali sana juu ya nyakati za vitenzi. Mwanafunzi akikosea matamshi, alimwacha. Akikosea wakati, alimsimamisha.

"Mutu moja anasema niko na nyumba," alikuwa akiwaambia. "Mwingine anasema nilikuwa na nyumba. Ni neno dogo tu, lakini wa pili njo mukimbizi."

Katika kidato cha nne mwaka ule kulikuwa na msichana wa Kirundi, Carelle Arakaza. Mama yake, Spès, alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani mwa nyumba yao ya tofali za udongo. Carelle alikuwa na mdomo mwepesi na kicheko kikubwa, na Kiingereza chake kilikuwa safi kiasi kwamba wageni waliofika shuleni walidhani amekulia kwingine. Siku ya mdahalo wa shule alisimama mbele ya wazazi wote akawashinda Wamalawi wa vijiji vya jirani, ambao wamesoma kwa lugha hiyo tangu utoto.

Siku hiyo mwanamume mmoja alikaa nyuma kabisa. Alijiita Jérôme. Viatu vyake vilikuwa safi, jambo la ajabu katika vumbi la mwezi wa tisa. Alisema Kirundi na Warundi, Kiswahili cha Bukavu na Wakongomani, na Kichewa na walimu wa hapa. Baada ya makofi alimfuata Solange mlangoni.

"Madamu, hongera. Ba batoto banasema muzuri sana. Nani anapita bote?"

"Bote banasoma," Solange akamjibu. "We unafanya kazi gani?"

"Kampuni ya kujibu simu, huko Afrika Kusini. Wateja banauliza kwa Kiingereza, kwa Kifaransa. Tunatafuta vijana."

Solange hakumpa jina la mtu. Lakini hakukuwa na siri. Kila mwenye masikio alikuwa amesikia mdahalo.

Mvua za kwanza zilipoanguka, kiti cha Carelle kilikuwa kitupu. Solange alidhani ni malaria. Siku ya pili alipita kwa Spès, akamkuta anashona sare ya kwaya, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

"Alienda, Madamu. Kazi. Bwana Jérôme alikuja hapa mwenyewe, akaomba na sisi. Alisema tusitangaze, watu bako na wivu."

"Mitihani je?"

"Alisema atafanyia kule."

"Balipita njia gani?"

"Gari liliwapeleka Mponela."

Kwenda kusini, watu hupita Lilongwe. Mponela iko upande mwingine kabisa, kaskazini.

"Mama Carelle, kusini haiko kule."

"Alisema banaenda kubeba bengine kwanza." Spès akakanyaga cherehani. Hakutaka kuulizwa zaidi.

Wiki zikapita bila habari. Ajabu ni kwamba kimya kile hakikuwatisha watu, kiliwatia hamu. Ilisemwa Carelle yuko na kazi nyingi, ndiyo maana hapigi. Jérôme akaonekana tena upande wa soko. Ikajulikana kwamba Arlène, rafiki wa Carelle aliyekaa naye dawati moja, ataondoka pamoja na wenzake wawili. Solange alimwita Arlène pembeni akamsihi angoje mitihani. Arlène alimsikiliza kwa heshima, akaitika, na Solange akaona wazi kwamba ameshaamua.

Simu ya Solange ililia katikati ya kipindi, namba ngeni. Alikuwa karibu kuikata, lakini akaipokea, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Carelle. Darasa likalipuka kwa shangwe. Solange, kwa kufarijika, akafungua spika ili wote wasikie.

Carelle alisema kwa Kiingereza. Aliwasalimia wote kwa majina. Kisha akaanza kueleza, polepole, kama mtu anayesoma imla.

Alisema alikuwa na furaha. Alisema alikula vizuri. Alisema alilala kwenye kitanda kizuri, na kwamba alikuwa na simu yake mwenyewe. Alisema alitoka nje alipotaka.

Mwanzoni vijana walikuwa wakicheka na kugongana viganja. Halafu mmoja karibu na dirisha akaacha kucheka. Kisha mwingine. Kimya kikasogea dawati kwa dawati, mpaka darasa zima likawa linamtazama Solange na yeye anaitazama simu. Carelle hakuwahi kukosea nyakati za vitenzi. Kila jema alilolitaja alikuwa amelitia katika wakati uliopita.

Nyuma yake sauti ya mwanamume ikasikika, kwa Kiswahili: "Bambie bakuje. Sema nafasi iko."

Solange akauliza kwa Kiingereza, kwa furaha ya kujifanya, kama anayempa mtihani wa mdomo: "Vizuri sana, Carelle. Na sasa hivi, wakati huu tunaozungumza, unasikia nini?"

Carelle akapumua. Alisema wanawake wanasaga mahindi. Wanagombania zamu, kwa Kichewa. Ukuta ni mrefu.

"Inatosha," mwanamume akasema. Simu ikakatika.

Arlène ndiye aliyesema wa kwanza, kwa sauti ndogo: "Madamu, Carelle iko hapa Malawi."

"Nimesikia."

"Na ile gari yetu inakuja Ijumaa."

"We hauendi," Solange akasema, na safari hii Arlène alianza kulia.

Hedimasta alikuwa Mmalawi mpole, mwenye kuogopa matatizo. Alimsindikiza Solange mpaka kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa zamu aliwasikiliza huku akichezea kalamu.

"Msichana alisema ana furaha?"

"Alisema alikuwa na furaha."

"Chakula, kitanda, simu. Sasa kosa liko wapi, Madamu?"

Solange alieleza tena. Hedimasta akaeleza. Afisa akasema ataliangalia jambo hilo, na walipotoka nje hedimasta hakuweza kumtazama usoni.

Kwa Spès ilikuwa rahisi zaidi, na mbaya zaidi. Spès hakujua Kiingereza, lakini Kiswahili kilitosha.

"Alisema 'nilikuwa na furaha', Mama Carelle. Hakusema 'niko'."

Cherehani ikasimama. "Alikuwa?"

"Alikuwa."

Spès hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Jérôme, siku ile ya maombi, alitaja shemeji yake wa Area 36, mtaa mmoja wa Lilongwe. Kisha akafunga kitenge kiunoni.

Kutoka kambini bila ruhusa ni kutafuta kukamatwa, na wote walijua. Kesho yake alfajiri walikwenda hivyo hivyo, wao wawili na Pasta Honoré wa kanisa lao, wakabanana ndani ya minibasi bila kuongea, kwa kuwa Kiswahili chao kingewafichua. Area 36 ina watu wengi na vigayo vya kusaga mahindi vingi. Kila kona injini inanguruma na akina mama wamepanga ndoo. Walizunguka kutoka kigayo kimoja hadi kingine wakitafuta ukuta mrefu. Ulikuwa nyuma ya kigayo kidogo kisicho na jina, na geti lake lilikuwa limefungwa mnyororo kwa nje.

Solange alimwuliza kwa Kichewa mwanamke aliyekuwa akifagia unga. Mwanamke akaendelea kufagia.

"Wapo wasichana humo," alisema mwisho, bila kuinua uso. "Huwa wanaomba maji kwa kupitia chini ya geti. Gari lilikuja jana, likachukua baadhi."

Pasta Honoré ndiye aliyekwenda polisi wa pale, akijua kwamba la kwanza wangemwuliza ni kibali chake. Walimwuliza. Lakini walikuja pia, na mnyororo ukakatwa. Ndani kulikuwa na magodoro sakafuni na madirisha yaliyopigiliwa mabati, na wasichana wawili wa kambi yetu, wa upande wa sokoni, ambao wazazi wao walikuwa wakijisifu kwamba wako kazini. Carelle hakuwemo. Spès aliingia kila chumba, kisha akarudia vyote, akiita jina la Kirundi alilomwita mtoto wake alipokuwa mdogo.

Arlène hakwenda Mponela. Alifanya mitihani yake. Jérôme hakukamatwa; mtu alimwona Kauma, pembezoni mwa Lilongwe, akiitwa jina lingine.

Carelle alirudi wakati wa mavuno, nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, peke yake. Alikuwa amekonda, na nywele zake zimenyolewa. Hakusema ametoka wapi, na Spès hakumwuliza. Alikaa barazani akimshonea mama yake vifungo. Kiingereza alikiacha kabisa. Wafanyakazi wa mashirika wakipita njiani wakiongea, aliinuka akaingia ndani mpaka wapite.

Solange alimtembelea kila Jumapili baada ya ibada. Waliongea mambo madogo: bei ya uzi, mvua, ndoa ya fulani. Jumapili moja Spès alipokwenda kuchota maji, Carelle aliweka sindano chini.

"Madamu. Ile simu balirekodi."

"Nani?"

"Jérôme. Alitaka kusikilizisha bantu, ili bakuje bengine. Lakini kulikuwa mwanaume mwingine pale, huyo anajua Kiingereza kweli. Akasikiliza. Akarudisha tena, akasikiliza. Kisha akacheka." Alikuwa akitazama vifungo mkononi. "Njo bakatuhamisha siku ile ile. Na akauliza sauti ya yule mwalimu ni ya nani."

Solange aligeuka akaitazama njia.

"We ulisema nini?"

"Mi sikusema." Carelle akaokota sindano, akatafuta tundu la uzi. "Bengine balisema. Jina lako, na masomo yako, na njia unapita."

Spès alikuwa akirudi na ndoo kichwani, wakarudi kuongea bei ya uzi.

Madamu Solange bado anafundisha. Hajabadilisha kipindi hata kimoja. Ila sasa kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi wake wa kidato cha nne, waliokwisha kusikia habari hiyo, humngoja mlangoni, wasichana na wavulana, wakamzunguka na kumfikisha kwake kabla ya kutawanyika. Hakuna aliyewaamuru. Na pikipiki isiyojulikana ikipunguza mwendo kando yao, wote husimama kwanza mpaka ipite.