Kupiga Mti

Hata leo mtu akinisifia walimu wa zamani, naguna tu. Mimi nilikuwa na mwalimu wa zamani, na nilimpenda kuliko mama yangu mzazi.

Alifundisha watoto wadogo, sisi tusiofikia darasa la kwanza, katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kindu. Upepo ulipong'oa mabati ya darasa letu, wakubwa walisema wataleta mengine. Mpaka leo tunayangoja. Yeye hakungoja. Alitupanga mstari, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake, akatupeleka msituni nyuma ya mashamba ya mihogo. Huko ndiko tulikosoma. Tulikunja majani mapana ya mangongo yakawa vikombe vya kunywea maji ya kijito, tukahesabu mbegu, tukabembea kwenye kamba zinazoning'inia mitini. Tulijua njia ya siafu kabla ya kujua herufi.

Na tulijua kupiga mti. Iko miti mikubwa ambayo mizizi yake husimama juu ya ardhi, mipana na myembamba kama milango. Ukiupiga mzizi ule kwa kijiti kinene, unavuma hadi mbali. Mama Mwalimu, ndivyo tulivyomwita, alituambia hivi:

"Mutoto akipotea, asitembee. Akae kwa muti mukubwa, apige. Mimi nitasikia, nitakuja."

Tulifanya mazoezi. Nilijificha, nikapiga, na kila mara akatokea anacheka, kikwembe alichojifunga kiunoni kimejaa majani. Nilimwamini kabisa.

Siku moja nilikwenda kujisaidia kichakani. Huku nyuma, kama nilivyosimuliwa baadaye, mjumbe wa Chama, kile kimoja kilichotawala nchi nzima wakati ule, alifika mbio: wakubwa wanashuka kwenye treni, watoto wanatakiwa stesheni kuimba na kucheza. Kila mtu alijua maana ya kuchelewa kumwimbia mkubwa wa Chama. Woga wa Mama Mwalimu naujua, sote tuliukulia. Niliporudi, pale palibaki vikombe vya majani tu.

Sikulia, na nataka hilo lieleweke. Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikatafuta mti, nikaokota kijiti, nikapiga. Nikangoja, nikapiga tena, hadi viganja vikachubuka. Kwa mbali nikasikia wenzangu wanaimba, nikafurahi, maana kama mimi nawasikia, basi na wao wananisikia. Nyimbo zikazidi nguvu, kisha zikapotea. Niliendelea kupiga. Kuondoka sikuthubutu: angekuja asinikute, je?

Jua lilikuwa linashuka wakati mama mmoja aliyetoka shambani na kikapu cha mihogo alipoufuata mlio ule akanikuta. Vidole vyangu havikuweza tena kukunjuka.

"Nani alikuacha huku, mutoto wangu?"

Nikamjibu kwamba hakuna aliyeniacha, Mama Mwalimu yuko njiani. Akanibeba mgongoni, kikapu kichwani, akanifikisha kwetu.

Mama Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba, ameshika glasi yetu ya wageni.

"Alitoroka kwa mustari," aliwaambia wazazi wangu. "Huyu mutoto hasikii."

Hakunitazama. Mama yangu alinichapa mbele yake, kwa kuwa kwetu mwalimu hakuwa mtu wa kusema uongo. Nami sikumpinga. Nilizipokea fimbo zile nikijilaumu mwenyewe: labda nilipiga polepole mno, masikini, hakusikia. Nililala nikimwonea huruma kwa jinsi alivyohangaika kunitafuta.

Asubuhi alikuja rafiki yangu wa nyumba ya pili, yule aliyezoea kushika nguo yangu kwenye mstari. Alinivuta nyuma ya jiko.

"Tulisikia muti unalia," alisema. "Nilimuambia Mama Mwalimu: ni yeye anapiga, iko nyuma. Akaniambia: imba kwa nguvu."