Mguu Uliotoka kwenye Breki

Nitaikumbukaje siku ile bila kuanza na gharama yake? Ilinigharimu chupa moja ya mafuta ya breki, goti la mume wangu, na shemeji mzima. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili ninayemkosa zaidi ni yule shemeji.

Mwanangu Wafula, Jumamosi iliyopita ulivua turubai kwenye gari la marehemu baba yako, ukaweka jeki, ukaniita dirishani: "Mathe, kuja ushike breki tutoe upepo!" Nikakwambia mguu unaniuma. Ukacheka, ukasema nimezeeka, ukaenda kutafuta mwenzako. Mguu hauniumi. Naandika ujue kwa nini sikuja. Na kijana mwingine yeyote atakayeyasoma haya, ayachukue. Ni ya bure, na wanaonijua sokoni watakwambia hilo si jambo la kila siku.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba hizi hizi za kaunsili. Baba yako alikuwa karani wa reli, na gari lile la Kifaransa alilinunua kwa mkubwa wake aliyestaafu. Hata wakati ule lilikuwa limekula chumvi nyingi. Alilipangusa kila asubuhi kabla hajanisalimia. Mimi nilikuwa nauza sweta za mitumba, nazitundika kwenye ua hapo nje, na sifa yangu ilikuwa moja: hakuna aliyewahi kunishinda kwa bei. Nilijisifu kwa hilo. Mwanangu, angalia sana kile unachojisifu nacho, maana ndicho kitakachokuuza.

Ankoli Barasa, mdogo wake baba yako, alikuwa fundi. Gereji yake ilikuwa ile nafasi kati ya laini yetu ya nyumba na ya jirani, chini ya kamba za kuanikia nguo. Hakuwa na bango. Watu walitoka estate za mbali wakiuliza tu, "Fundi wa breki yuko wapi?" na hata mtoto wa miaka minne alijua kuonyesha kwa kidole. Jina lake ndilo lililokuwa duka lake.

Siku hiyo alikuwa amebadilisha mipira ya breki kwenye gari letu, ikabaki kutoa upepo. Wewe unaijua kazi hiyo kutoka kwa simu yako, lakini wengine hawaijui, basi nieleze. Upepo ukiingia kwenye bomba za breki, unakanyaga unazama, kama kukanyaga mandazi. Kuutoa ni kazi ya watu wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja anakaa ndani, mguu kwenye breki. Mwingine analala chini na spana. Wa chini anaita "Pampu!" na wa juu anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia. Wa chini anaita "Shika!" na wa juu anakandamiza, anajibu "Nimeshika!" Ndipo wa chini anafungua nati ndogo nyuma ya gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga. Mpaka aseme "Achia," mguu haunyanyuki. Ukinyanyuka nati ikiwa wazi, bomba linavuta upepo mwingine, na mmefanya kazi bure.

Hawa wawili hawaonani, mwanangu. Kinachowaunganisha ni neno tu.

Barasa alikuwa na msaidizi wa kukaa juu, mtu mzima aliyeizoea kazi. Mimi nikaona hapo pana pa kupunguza.

"Shemeji, huyu wa kukanyaga ni wa nini?" nikamwuliza. "Mguu ninao. Tena miwili."

"Mguu si shida, Mama Wafula. Shida ni masikio."

"Nayo ni mawili. Mwambie mwenzako apumzike leo."

Barasa akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu asiyeweza kumkatalia mke wa kaka yake. Akamwambia mwenzake aende, nami nikaingia kwenye gari nikiwa nimeshinda. Rahisi huwa ghali. Nimeliimba neno hilo kwa wateja maisha yangu yote, na siku hiyo sikulisikia.

Tulianza vizuri. Tukamaliza magurudumu ya nyuma, tukaja mbele. Hapo akatokea mama mmoja, alikuwa ametoka zamu ya kiwandani, akashika sweta ya bluu pale uani. Mimi nimekaa kwenye gari, mlango wazi, mguu kwenye breki, mdomo sokoni.

"Mama, hii mwisho ngapi?"

Nikamtajia. Akaniangalia kama nimemtukania ukoo.

"Kwa bei hiyo unanifungia na mwenye aliishona?"

"Shika!" Barasa akaita kutoka chini.

"Nimeshika!" nikajibu. Na kwa yule mama: "Iguse kwanza, hiyo ni sufu ya kondoo."

"Kondoo gani, mama, huyu alikuwa mgonjwa. Angalia kiwiko. Basi nitarudi."

Mfanyabiashara yeyote anajua, "nitarudi" ya mteja ni mazishi. Akageuka. Nami, kabla sijafikiri, nikanyanyuka nusu kwenye kiti nimwite: "Kuja, kuja tuongee!" Na mguu ukanyanyuka pamoja nami.

Nikasikia breki ikirudi juu, fyuu, kama mtu aliyeshusha pumzi. Nikaikanyaga tena haraka.

"Bado umeshika?" Barasa akauliza.

Mwanangu, hapo ndipo pahali penyewe. Ningesema, "Umetoka, Shemeji, turudie," na ungekuwa mzaha wa siku moja. Angenitania hadi Krismasi. Nikasema, "Nimeshika."

Akafunga nati. Yule mama akarudi, nikamuuzia sweta kwa bei yangu. Nilishinda mara mbili siku hiyo.

Barasa hakuwa mjinga. Alipomaliza aliingia mwenyewe, akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena. "Shemeji, naisikia kama ina sponji. Mguu haukutoka?"

Nikaitazama chupa ya mafuta. Ilikuwa imebaki chini kabisa; kurudia ni kununua nyingine, na kurudia ni kusema. "Haukutoka," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Shemeji, kwani mimi ni mtoto?"

Akakanyaga mara tatu nne haraka, ikakaza, kama inavyofanya breki yenye upepo ikibembelezwa. "Labda ni hii mipira mipya, bado haijakaa," akasema. Akanawa mikono, akanywa chai yangu, akaenda. Kosa lake lilikuwa hilo moja: kuniamini.

Asubuhi yake, Jumapili, baba yako alitangulia na gari kumchukua mama yake tuende naye kanisani. Pale barabara inaposhuka kwenda darajani, mtu wa mkokoteni alikuwa anavuka na mitungi ya maji. Baba yako akakanyaga mara moja, kwa nguvu, kama mtu yeyote angefanya. Breki ikazama mpaka chini. Gari za miaka ile, magurudumu yote yalikunywa kwenye chupa moja. Breki ikikosekana, imekosekana kote. Akakata usukani, akamkwepa mtu, akagonga ukuta wa mawe. Mtu wa mkokoteni aliponea mtaroni, akiwa amelowa na akimtaja Mungu. Goti la baba yako halikupona. Ile fimbo uliyokuwa ukiichezea ukiwa mdogo, ukijifanya mzee, ilianzia hapo.

Juma lililofuata kaka yao mkubwa akaja kutoka nyumbani magharibi, tukaketi sebuleni, vitambaa vyeupe kwenye viti, thermosi ya chai mezani, baba yako amenyoosha mguu kwenye stuli. Barasa akasimama kama mtu aliye mahakamani.

"Gari ulilishika wewe?" kaka mkubwa akamwuliza.

"Ni mimi."

"Upepo ulitoka?"

"Niliita, nikajibiwa ameshika, nikafunga."

Kaka mkubwa akanigeukia, kwa heshima kabisa. "Mke wetu, ulishika?"

Mara ya kwanza nilidanganya kwa haraka. Mara hii nilidanganya nikiwa nimeketi, kikombe mkononi. "Nilishika, baba."

Barasa hakunitazama usoni. Aliutazama mguu wangu wa kulia, ulikuwa kwenye kandambili, akautazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia baba yako, "Kaka, nisamehe." Akaomba msamaha, mwanangu. Yeye. Nami nikammiminia chai.

Mji huu haumfukuzi fundi kwa fimbo. Unamuuliza tu jirani, "Barasa? Yule aliyemvunja ndugu yake?" Na gari linapita. Mwaka haukuisha kabla ya kamba zetu kubaki na nguo peke yake. Alihamia mabandani, Mukuru kwa Reuben, akawa anaamka alfajiri kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda, akiomba kibarua cha kubeba, mtu ambaye mikono yake ilijua kusikia gari linaumwa wapi. Yeye na baba yako hawakula tena sahani moja. Na ninyi watoto mkampa jina, mkimwita "Ankoli Breki" mkicheka. Nilikusikia, sikukukataza. Hilo nalo nimelihesabu.

Tulipomzika baba yako, alikuja. Alibeba jeneza upande wa nyuma, akanipa mkono, akasema, "Pole, Shemeji." Nilikuwa na nafasi hapo, watu wamesimama, kaburi liko wazi. Nikasema, "Asante kwa kuja." Baba yako alizikwa akiamini ni ndugu yake aliyemlemaza. Majuto ni mjukuu, wanasema; wangu amekua, ana ndevu, anaketi nami mezani.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, maana barua ya mzee bila nasaha ni umbeya tu. Ukikubali kushika, shika mpaka uliyemwahidi aseme achia. Lakini miguu ni nyama, hutoka. Mguu ukitoka, sema umetoka, wakati huo huo, kabla nati haijafungwa. Aibu ya saa hiyo ni ndogo, unaweza kuilipa na ukabaki na nauli. Ukiificha haipotei, inazunguka kwenye mabomba, nawe hujui itatokea mteremko gani, mbele ya mkokoteni wa nani. Na usipunguze bei ya mtu mpaka ukaondoa kile kinachomfanya afanye kazi vizuri. Yule msaidizi niliyemfukuza hakuwa gharama. Alikuwa sehemu ya breki.

Mungu akupe mguu usiotetemeka na ulimi usiongoja. Wanaolala chini ya gari wakikuamini, wainuke wazima. Na jina la mtu lisiwahi kuangukia mikononi mwako likavunjika, kama lilivyovunjikia mikononi mwangu.

Sasa ni zamu yako kunisaidia. Barasa yuko mtaa wa Lucky Summer, kwa binti yake. Nimefika kwenye geti lao mara mbili nikiwa na sukari na majani ya chai kwenye mfuko, nikasikia kicheko chake ndani, nikageuka. Nimenunua na kuuza tangu nikiwa msichana, sijawahi kuingia mahali bila kujua nianzie bei gani. Hapa sijui. Gari bado liko kwenye jeki, mwenzako hakupatikana, na halijapata mtu wa kushika breki. Nishauri, mwanangu: akinifungulia mlango, nianze na neno gani?