Fundi wa Makufuli na Mgeni Asiyevunja Mlango

Saa nne asubuhi, tupa inakwaruza shaba katika kibanda chembamba kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Mteja anauliza kama ufunguo wake uko tayari. Anauliza tena. Fundi hainui kichwa. Midomo yake inacheza bila sauti, kama anamjibu mtu asiyeonekana.

"Mwache," anasema kinyozi. "Huyo akishika ufunguo, hata paa likianguka hasikii."

Mtaani anaitwa Mama Nakuja, maana kila akiitwa hujibu "nakuja", kisha haji. Ana miaka arobaini na moja, na makufuli ya watu yanamtii. Mlango uliomshinda kwa muda mrefu ni wa kwake mwenyewe.

"Nilikuwa narudi mchana, nakuta uko wazi," anasimulia. "Haujavunjwa. Umefunguliwa kwa ufunguo. Bomba linamwagika, redio inaongea peke yake, mezani kikombe cha chai kimejaa pomoni, hakijaonjwa. Sikumbuki kukimimina. Na hakuna kilichoibwa."

Mwizi gani huyo, anayemimina chai na kuondoka?

Alibadilisha kitasa. Funguo zilikuwa mbili tu: mmoja alikuwa nao mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini, na wa pili aliuvaa shingoni. Haikupita wiki, akaukuta mlango wazi tena.

"Nikajipapasa shingoni, hakuna kitu. Kutazama, ufunguo uko kwenye tundu, upande wa ndani."

Majirani wakaanza kunong'ona kuwa nyumba ina mizimu. Yeye akaanza kubisha hodi kabla ya kuingia nyumbani kwake.

Kisha ikaja siku ya gesi. Mumewe alirudi safari alasiri, akamkuta mtoto wao wa miaka sita amelala mkekani, chumba kizima kinanuka gesi, jiko limefunguliwa bila moto. Mama mtu alikuwa kibandani. Alitoka mara moja tu kuchukua kitu, mteja akamkuta huko, basi.

"Nilimwambia, sijui humu ndani kuna nini, lakini mwanangu hakitampata," anasema mumewe. Alimbeba mtoto, akampeleka kwa bibi yake, naye akahamia huko.

Wifi yake, mshona nguo, hakuamini habari za mizimu. Aliomba akae sebuleni kutwa nzima, kimya.

"Alifungua bomba ajaze ndoo," anaeleza wifi. "Maji hayajafika nusu, akakumbuka chai. Akaimimina. Redio chumbani ikakwaruza, akaenda kuitengeneza. Huko akaona shati limelegea kifungo. Akafungua mlango aombe uzi kwa jirani. Hakurudi. Alipitiliza kazini, mimi ananiacha nimekaa pale pale!"

Wifi alifunga bomba, akamfuata kibandani. "Nikamwambia, wifi, nimemwona anayeingia kwako. Ni wewe."

Fundi anaendelea. "Bora ungekuwa mzimu, maana mzimu unafukuzwa. Mimi ningejifukuza niende wapi?"

Alipokwenda hospitalini, daktari wa afya ya akili hakuuliza sana kuhusu nyumba. Aliuliza kuhusu utoto: madaftari yaliyopotea, viboko, kuitwa mzembe kila muhula. Akamwambia ana ADHD, hali inayoanza utotoni, ambapo ubongo hushindwa kuuongoza umakini: mara unaponyoka, mara unamezwa na kitu kimoja. Watu wazima wengi wanaishi nayo bila kujua.

"Si uvivu, dada, wala si pepo," alimwambia.

Sasa anatumia dawa na kuhudhuria ushauri. Jiko likiwaka, haondoki jikoni. Na kila anachofanya hukitamka kwa sauti: "Nafunga gesi. Nimefunga." Ukipita dirishani utadhani mle ndani kuna watu wawili.

Mlango bado anaukuta wazi, mara mojamoja. "Mwili unanisisimka kwanza," anasema. "Halafu nasimama kizingitini, naita jina langu."

Mume na mtoto wamerudi. Juzi asubuhi fundi alimkuta mwanawe amesimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mguuni, macho ukutani. Alimwita mara tatu. Hakugeuka.

Hakumgombeza. Alipiga magoti, akamvalisha kiatu cha pili, kisha akaenda kumwomba daktari yule yule nafasi ya kumwona mtoto kabla shule hazijafunguliwa.

"Mimi nilichapwa mpaka nikazoea," anasema. "Yeye nataka aulizwe kwanza."